Reli ya zamani juu ya ubao mmoja: Treni ya kadibodi ilivyonirudisha kwa Kuka

Ukiingia keja yangu hapa karibu na Mutindwa, kitu cha kwanza utakachoona ni kitanda. Cha pili ni meko ya gesi. Cha tatu ndicho huwafanya wasee wacheke: ubao wa sentimita 120 kwa 30 niliouweka ukutani kama rafu, na juu yake stesheni nzima ya treni. Kuna ofisi ya mabati, tangi la maji, mti wa mgunga, mama anayeuza mahindi choma, na injini moja ndefu ya rangi ya damu ya mzee. Mama wa mahindi ana urefu wa sentimita mbili. Nilimtengeneza kwa waya na gluu.

Najua unachowaza. Jamaa wa miaka 24, chuo aliacha, kazi ni ya kuokoteza, na bado anacheza na treni za watoto? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Lakini nipe dakika kumi. Kuna jambo nililojifunza hapa ambalo sikufunzwa darasani, na huenda nyumbani kwenu kuna mzee anayekusubiri ulijue kabla hajaenda nalo.

Reli tuliyoizoea ni nyembamba

Tuanze na kitu ambacho Wakenya wengi hawajui. Ile reli ya zamani, inayopita katikati ya soko hapa kwetu na kuwafanya akina mama wavute vitambaa vyao vya nyanya treni ikikaribia, wataalamu huiita ya geji nyembamba. Geji ni upana kati ya vyuma viwili vya reli. Yetu ya zamani ni milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Reli ya SGR, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ina milimita 1,435, kipimo kinachotumika katika nchi nyingi duniani.

Waingereza walipoanza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896, walichagua kipimo cha mita kilichokuwa kimetapakaa India, na vifaa vingi na mafundi wakatoka huko huko. Reli ikafika hapa Nairobi 1899, wakati palikuwa kinamasi tu, ikafika Kisumu 1901. Reli nyembamba ina faida zake. Inakunja kona kali zaidi, inahitaji tuta dogo zaidi, na gharama yake iko chini. Ndiyo maana utaikuta kwenye milima ya Uswisi, kule Darjeeling nchini India, na kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya Wales.

Sasa, faida hizo hizo ndizo zinazowavutia watu wanaojenga treni za modeli. Kama huna nafasi, reli inayokunja kona kali ni rafiki yako. Treni zake ni fupi, stesheni zake ni ndogo, na kila injini ina sura yake. Msee wa bedsita kama mimi hawezi kujenga stesheni ya London. Stesheni ya mashambani yenye njia mbili? Hiyo inatoshea juu ya kitanda.

Hesabu kidogo, usiogope

Huu mchezo wote umesimama juu ya kitu kimoja: skeli. Ile ile ya somo la jiografia. Skeli ya 1:87 ina maana kwamba kila kitu umekipunguza mara 87. Chukua milimita 1,000 za reli yetu, gawanya kwa 87, unapata milimita 11.5. Hakuna anayeuza reli ya upana huo hasa, kwa hivyo watu hutumia ya milimita 12, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya skeli nyingine ndogo zaidi, ile ya 1:120. Huo upungufu wa nusu milimita hauuoni kwa macho.

Ukitaka kwenda chini zaidi, kuna 1:160. Hapo mita moja inakuwa milimita 6.25, na watu huchukua reli ya milimita 6.5 ya skeli ya 1:220, zile treni ndogo kama kidole ambazo kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilizitoa mwaka 1972. Waingereza wanaopenda reli za Wales nao hutumia 1:76 juu ya reli ya milimita 9.

Umeona mtindo? Wote wanafanya hila moja. Wanachukua magurudumu na mota ya treni ya skeli ndogo, kisha wanaijengea bodi ya skeli kubwa. Kama hujaelewa, fikiria matatu. Fundi anachukua chasisi ya lori, anaijengea bodi ya mabati, anaweka viti, spika na picha za wachezaji mpira, na lori linaanza kubeba abiria. Hakuna tofauti yoyote. Kwa hivyo usiniambie huu ni mchezo wa wazungu. Hapa kwetu tunaufanya kila siku, tofauti ni kwamba zetu zinapakia watu.

Kabla hujakata kadibodi, piga hesabu ya nafasi. Reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 530. Ukiijenga yote kwa 1:87 utahitaji zaidi ya kilomita sita za ubao. Landlord wako hatakubali. Hata stesheni ya mita 300 tu inakuwa mita tatu na nusu, na keja yangu haina ukuta wa urefu huo. Ubao wangu wa sentimita 120 ni sawa na mita 104 hivi za ardhi halisi. Kwa hivyo chagua kipande kimoja. Mimi nilichagua mahali injini inaposimama kunywa maji. Mwisho wa reli nikauficha nyuma ya ghala la kadibodi, ili jicho lidhani njia inaendelea.

Jitu la Manchester

Injini yangu nilitaka iwe kubwa. Ukienda kwenye makumbusho ya reli, pale karibu na stesheni kuu ya Nairobi, utalikuta jitu moja lenye namba 5918. Jina lake ni Mount Gelai. Ni moja kati ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock jijini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani 252. Hakuna injini ya mvuke yenye nguvu zaidi iliyowahi kujengwa kwa reli ya mita moja.

Simama mbele yake utaelewa. Tangi la kuchemshia maji ni pana zaidi ya mara mbili ya reli inayolibeba. Ni kama kumwona mtu mnene amesimama juu ya waya na haanguki. Siri ni kwamba imekatwa vipande vitatu: mbele kuna seti ya magurudumu yenye tangi la maji juu yake, nyuma kuna seti nyingine, na katikati limelala tangi la kuchemshia, limeninginia kama daraja. Ikiingia kona, inajikunja kama jongoo.

Nilienda pale na futi ya kupimia, daftari, na rafiki yangu mmoja. Rafiki alikuwa wa kusimama kando ya injini kwenye picha. Kama unajua urefu wa mtu, picha yoyote unaweza kuitolea vipimo. Tulipima mchana kutwa. Injini nzima ina zaidi ya mita 31. Kwa 1:160 ingekuwa kama sentimita 20, kwa 1:87 ikawa kama 36, karibu theluthi ya ubao wangu wote. Nikasema potelea mbali, 1:87 iwe. Macho yangu na wembe wangu visingeweza kitu kidogo zaidi.

Vitu vya jikoni na vya mtaani

Usiende kuagiza vitu ng'ambo siku ya kwanza. Utalia. Mimi nilianza hivi.

Bodi ya injini ni katoni nyembamba za unga wa uji na karatasi ya manila. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, na ukate mara tatu polepole, usilazimishe mara moja. Tangi la kuchemshia nilizungushia manila kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi.

Mabati ya paa ni foili ya jikoni. Ilaze juu ya kile kitana chembamba cha kutoa chawa, kisha uisugue kwa kifutio. Mistari inatokea midogo kabisa, na ukipaka rangi ya kutu hapa na pale, utaapa ni bati la ploti ya Kayole.

Kokoto za reli ni mchanga uliopitishwa kwenye chujio la chai. Umwage kati ya reli, uusawazishe kwa brashi ya zamani, kisha uudondoshee kwa sirinji gluu nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji na tone moja la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, maji yatakaa juu ya mchanga kama shanga na kuuharibu wote. Nimeharibu mara mbili, niamini.

Reli ya upande ambako hakuna kitu kinachotembea nilitumia waya wa shaba wa stima, nikaunyoosha kwa kuubana mlangoni na kuuvuta. Na mataruma, yale yanayolala chini ya reli, nilitumia vijiti vya kibiriti. Nilikata vichwa, nikakata kila kimoja kwa urefu wa milimita 23, nikapaka rangi ya mbao iliyozeeka. Vijiti 140. Usiku tatu. Nilijivunia yale mataruma kuliko kitu kingine chochote. Yakumbuke, tutayarudia.

Kwa kitu kinachotembea, nilijikaza miezi minne nikanunua chasisi moja kuukuu ya milimita 12 na vipande vitatu vya reli. Umeme ni adapta ya volti 12 iliyobaki kwenye ruta mbovu, na kile kidude cha kupunguza kasi ya mota nilikitoa Luthuli Avenue. Juu ya chasisi nikajenga injini ndogo ya dizeli ya kadibodi. Jitu la 5918 lenyewe halina mota. Unalisukuma kwa kidole. Nilikubali hivyo.

Makaa ya nini?

Sasa nikwambie kwa nini nilijenga hasa hilo.

Kuka, ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita babu, aliajiriwa reli akiwa kijana, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Alianza kwa kuosha injini, akapanda akawa fayameni, yule msaidizi wa dereva anayesimamia moto. Nilikua nikijua hivyo jinsi unavyojua jina la shule ya msingi ya baba yako. Sikuwahi kumuuliza kitu.

Nilipopata nafasi ya kusomea diploma ya uhandisi wa mitambo, Kuka aliuza ng'ombe kulipa ada ya muhula wa kwanza. Alisema hadharani, mbele ya wajomba, kwamba huyu ndiye atakayeendelea alipoachia yeye. Mwaka wa pili ada ilishinda nyumbani, nami nikashindwa hata kueleza. Nikaacha. Nikabaki Nairobi nikisema niko bize. Krismasi mbili sikwenda nyumbani. Simu ya Kuka ikiingia, nilikuwa naiangalia mpaka inyamaze.

Desemba iliyofuata nililitoa jitu kwenye ubao, nikang'oa na kipande cha reli chini yake, nikavifunga kwa fulana mbili, nikaweka ndani ya katoni ya viatu vya gambuti na kupanda basi la usiku. Sikuwa na maneno, kwa hivyo nilibeba kitu.

Kuka alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya mwembe. Alikuwa amepungua. Nilimsalimu, akaitikia, akauliza safari. Kisha nikafungua katoni nikaliweka mezani.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Akavaa miwani. Akaliinua, akaligeuza, akaangalia chini kwenye magurudumu.

"Fifti-naini," akasema.

"Ndiyo, Kuka."

Akaweka kidole nyuma, mahali nilipokuwa nimebandika vipande vidogo vidogo vyeusi. Nilikuwa nimeponda makaa halisi ya jiko kwa kinu cha kitunguu saumu, nikayapanga pale vizuri sana.

"Na hii ni nini?"

"Makaa, Kuka. Ya kuwashia moto."

Alicheka mpaka akakohoa. Nyanya akatoka jikoni kuangalia kulikoni.

"Makaa ya nini? Unafikiri mtu mwenye mikono miwili angelisha hili lidude kwa koleo? Tulichoma mafuta! Mafuta mazito, meusi. Mimi kazi yangu ilikuwa vali na macho. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yamezidi, dereva anakuangalia vibaya. Usipoona moshi kabisa, unaupoza moto. Unataka uwe kama ukungu tu."

Maze, nilikuwa nimelipima lile jitu mchana kutwa. Nilikuwa na picha zaidi ya mia mbili. Lakini ukisimama chini huoni kilicho juu ya tangi, na filamu zote nilizowahi kuona zina mtu mwenye koleo. Kwa hivyo nikajaza mwenyewe nisichokijua, nikakipanga vizuri kikafanana na ukweli.

Kuka hakuwa amemaliza. Akainama kwenye reli yangu.

"Na haya mataruma umeyatoa wapi?"

"Ni ya mbao, Kuka."

"Mbao ikaliwe na mchwa? Sehemu kubwa ya njia yetu ilikuwa chuma. Chuma kilichokunjwa hivi." Akageuza kiganja chake kikawa kama kihori kilichopinduliwa.

Vijiti 140. Usiku tatu. Nilicheka mwenyewe.

Tulikaa pale mpaka kuku wakaingia. Aliniambia jinsi mdundo wa magurudumu ya mbele na ya nyuma ulivyokuwa ukipishana, mara yanapiga pamoja, mara yanaachana, na jinsi dereva mzoefu alivyosikia shida kabla ya kuiona. Aliniambia mahali alipokuwa akiweka chai yake ili ikae moto. Hayo sijayasoma popote, na sidhani kuna mtu aliyeyaandika.

Giza lilipoingia ndipo akauliza, bila kunitazama, "Na chuo?"

"Sijarudi, Kuka."

"Nilijua." Akanyamaza. Kisha: "Hii umefunzwa na nani?"

"Nimejifunza tu."

Akalisukuma jitu kwa kidole, sentimita chache mbele, sentimita chache nyuma. Habari ya ng'ombe hatukuizungumzia. Najua bado ipo, na najua iko siku nitaianzisha mimi. Lakini tangu siku ile simu yake ikiingia naishika, na Jumapili jioni huwa ni mimi ninayepiga.

Kama unataka kuanza

Huhitaji kupenda treni. Pengine kwenu kulikuwa na meli ya ziwani, kiwanda cha sukari, posho mili, au duka ambalo sasa ni ploti. Chagua kitu kimoja kidogo. Chukua vipimo. Amua skeli: 1:87 kama macho yako ni ya kawaida, 1:160 kama una subira na nafasi ni finyu. Anza na kadibodi, usinunue chochote kinachopita bei ya nauli yako ya wiki.

Kisha ukifika mahali ambapo hujui, usikisie. Picha inakuruhusu kupita juu juu. Hata makala kama hii inakuruhusu. Modeli haikuruhusu, kwa sababu lazima uweke kitu pale, na ukiweka uongo utakaa ukikutazama. Hapo ndipo mpigie mtu aliyekuwepo. Wengi wao wako nyumbani, wamekaa chini ya mwembe, na hakuna anayewauliza kitu. Injini za daraja la 59 ziliondolewa njiani kufikia 1980. Aliyekuwa kijana ndani yake ana miaka sabini na kitu leo, au zaidi.

Nimeyakwangua makaa kwa wembe. Limebaki doa, na nimeamua libaki. Mataruma nayapanga upya sasa: manila, milimita 23, kingo zimekunjwa chini kama kihori. Nimefika la 61. Kuka anataka nimtumie picha nikifika mia, na ameshaniambia kwamba lile tangi langu la maji nimelijenga upande usiofaa.